Mikono Kumi

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja, na wala haujajaa. Juu kabisa kuna jina langu na siku niliyotawazwa kuwa mzee, cheo cha kwanza katika Ukuhani wa Melkizedeki, ukuhani wa juu wa kanisa letu, Agosti 2004. Chini yake kuna jina la aliyeniwekea mikono kichwani, kisha la aliyemwekea yeye, kisha la baba yake huyo, halafu yanaanza majina ambayo sisi waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho tunayajua. David O. McKay, aliyetawazwa kuwa mtume mwaka 1906 na Joseph F. Smith. Joseph F. Smith, aliyetawazwa mwaka 1866 na Brigham Young. Brigham Young, aliyetawazwa Februari 1835 mjini Kirtland, Ohio, na wale Mashahidi Watatu wa Kitabu cha Mormoni: Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris. Hao watatu waliwekewa mikono na Joseph Smith, nabii na mwanzilishi wa kanisa letu, pamoja na washauri wake. Joseph Smith aliupokea ukuhani huo mwaka 1829 kutoka kwa Petro, Yakobo na Yohana, waliomjia kama wajumbe wa mbinguni. Mstari wa mwisho unataja Yohana 15:16, pale Bwana anapowaambia mitume kwamba si wao waliomchagua yeye, bali yeye ndiye aliyewachagua.

Sisi huuita mstari wa mamlaka. Ndugu aliyetawazwa anaweza kuomba wake kutoka makao makuu ya kanisa, Salt Lake City, akitoa jina la aliyemtawaza na tarehe. Wangu ulinifikia mwaka 2015. Mimi ni fundi bomba hapa Mombasa, na jioni ile nilikuwa nimetoka kazini Nyali, nguo zimelowa hadi magotini. Niliusoma kwenye simu nikiwa nimesimama Kongowea nasubiri matatu, nikahesabu kwa vidole. Kutoka kwangu hadi kwa Mwana wa Mungu ni mikono kumi. Vidole vilitosha.

Fahari niliyoisikia jioni ile sijaikana hata leo. Upande wa baba yangu naweza kumtaja babu, na baba yake babu, basi. Aliyemzaa huyo simjui, na wazee waliomjua wamekwisha. Nililelewa na mjomba chini ya vilima vya Chyulu, kule Ukambani, ambako kanisa letu lilikuwa na tawi tangu miaka ya mwanzo, baada ya kuandikishwa Kenya mwaka 1991. Mtu wa malezi yangu hakuzoea kuliona jina lake limeandikwa mahali isipokuwa kwenye kitambulisho. Sasa lilikuwa katika ukurasa mmoja na jina la Petro, yule mvuvi. Usiku nilimwamsha mke wangu nikamsomea yote, tarehe kwa tarehe, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Lakini fahari haikai vizuri ndani ya mtu asiyeilinda. Haikupita mwezi nikawa naulizia wenzangu katika akidi ya wazee, kundi letu la wenye ukuhani huo: wewe mikono mingapi? Ndugu mmoja aliyehamia kutoka Nairobi alikuwa na minane, nikamwonea wivu, na huo wivu niliujua kabisa kuwa ni wivu. Kulikuwa na kijana mmoja aliyebatizwa mwaka uliotangulia. Aliyemtawaza alikuwa mmisionari wa miaka 20 aliyekwisha kurudi kwao, na kijana hakulikumbuka vizuri hata jina lake la ukoo. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ukuhani usiojua ulikotoka ni sawa na mtoto wa kuokotwa. Hakunijibu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, na ile iliyofuata hakuja.

Nilikuwa nalibeba jambo hilo moyoni siku niliyoitwa na jirani yetu kumtengenezea mfereji uliokuwa ukivuja usiku kucha. Ni mwalimu wa madrasa aliyestaafu, mtu wa Majengo tangu ujana wake. Nilipomaliza tukakaa barazani, akaniletea kahawa, na sijui kilichonisukuma, nikamwonyesha ile karatasi kwenye simu.

Akaisoma polepole, miwani mkononi. "Sisi nasi tuna yetu," akasema. Kisha, bila karatasi, akanitajia mwalimu wake wa msikiti wa Riyadha, Lamu, na mwalimu wa mwalimu wake, akapanda hivyo hivyo hadi kwa Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti huo, na kutoka hapo akaendelea kupanda kwa majina ambayo sikuweza kuyashika. Sauti yake ilibadilika alipokuwa akiyataja. Nikaona kwamba jambo nililolidhani letu peke yetu, watu wa pwani hii wanaliishi tangu zamani.

Kisha akanirudishia simu, kidole kikiwa juu ya jina moja la katikati. "Sasa nieleze, mwanangu. Huyu ni nani?"

Nikamwambia alikuwa mtume.

"Hilo limeandikwa. Nakuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mkweli? Alikosea wapi? Isnadi, huu mlolongo wa wapokezi, haihesabiwi majina tu. Wanazuoni humchunguza kila mpokezi, mmoja mmoja. Usipomjua mpokezi, hujui umepokea nini."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimejua idadi ya mikono tu, si wenye mikono.

Basi nikaanza kuwasoma. Jioni baada ya jioni, simu kwenye chaji, mke wangu akinitazama. Nilianza na Joseph F. Smith kwa kuwa jina lake lilinivutia. Baba yake, Hyrum, aliuawa pamoja na nabii Joseph katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, na mtoto alikuwa na miaka mitano. Miaka minne baadaye, akiwa na miaka tisa, alikuwa akiliswaga gari la maksai kuelekea Bonde la Salt Lake, pamoja na mama yake mjane. Akiwa na miaka 15 alitumwa misheni Hawaii. Nilimpenda. Mimi nami niliswaga ng'ombe wa mjomba nikiwa na umri huo, na nilijua mtoto asiye na baba huwa anatazama nini njiani.

Kisha nikamsoma Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya nabii Joseph. Alikuwa fundi, mtu wa mbao na vioo, na hilo lilinifurahisha. Alivusha watu jangwani mwaka 1847. Na mwaka 1852, mbele ya baraza la kutunga sheria la Utah, ndiye aliyetangaza kwamba mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika hawezi kutawazwa katika ukuhani.

Nilikuwa nimewahi kusikia juu juu kwamba zamani kulikuwa na katazo. Sikuwa nimewahi kulisoma likiwa na jina la mtu, na jina hilo likiwa ndani ya karatasi yangu. Nikaendelea kusoma, na kila nilipogeuka nilikuta mpokezi wangu mwingine. Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa kuwa mzee mwaka 1836 nabii Joseph akiwa hai, akatumwa misheni, akafariki Desemba 1884 punde baada ya kurudi kutoka misheni nyingine. Mwaka 1879, watu walipotilia shaka ukuhani wake, Joseph F. Smith alimtetea, akasema Abel anazo hati zake. Mwaka 1908, akiwa rais wa kanisa, Joseph F. Smith huyo huyo alisema kutawazwa kwa Abel kulikuwa kumebatilishwa na nabii mwenyewe. Yule mtoto wa gari la maksai. Niliizima simu nikatoka nje.

Kulikuwa na lingine, na hili ndilo ninalolieleza mara nyingi zaidi kwa vijana wetu. Huko Afrika Kusini, kwa miaka mingi, mzungu aliyejiunga na kanisa hakutawazwa mpaka kwanza afuatilie ukoo wake, kila tawi, aonyeshe kwamba kila mstari wa mababu zake unatoka nje ya Afrika. Mtu alilazimika kutafuta vitabu vya ubatizo na orodha za meli, na mstari mmoja ukipotea, ukuhani ulimpita. David O. McKay, akiwa rais wa kanisa, alipowatembelea Januari 1954 ndipo akaliondoa sharti hilo. McKay, wa nne katika mstari wangu. Fikiria: watu walifuatilia nasaba ili kuthibitisha kwamba hawakutoka kwetu. Na mimi, niliyezaliwa kwetu, nilikuwa nimesimama Kongowea nikifuatilia mstari na kujivuna kwa ufupi wake.

Hapo ndipo sehemu ya 84 ya Mafundisho na Maagano, kimoja cha vitabu vyetu vya maandiko, iliponijia kwa namna mpya. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikiruka yale majina. Musa aliupokea ukuhani kutoka kwa mkwewe, Yethro; Yethro kutoka kwa Kalebu; Kalebu kwa Elihu; Elihu kwa Yeremi; Yeremi kwa Gadi; Gadi kwa Esaia; na Esaia kutoka mkono wa Mungu. Musa hakuupata kwa baba yake, wala kwa kabila lake. Aliupata ugenini, alipokuwa mkimbizi anachunga kondoo za watu, kwa kuhani wa Midiani aliyemwoza binti yake. Na Waebrania inasema Melkizedeki hana baba, hana mama, hana wazazi. Mstari wa mikono haujawahi kuwa mstari wa damu. Waliougeuza kuwa wa damu walikosea. Nami nilipomwita ndugu yangu mtoto wa kuokotwa, nilikuwa nimeshika njia ile ile.

Katazo liliondolewa Juni 1978, wakati wa Rais Spencer W. Kimball. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo marefu na kuyakana yale mawazo ya zamani yaliyosema ngozi nyeusi ni ishara ya laana. Niliyasoma yote. Yalinisaidia, lakini hayakunitosha. Nilitaka kumwona mtu. Nikapanda basi la usiku kwenda Kibwezi.

Aliyenitawaza bado anakaa pale pale, chini ya vilima. Alikuwa rais wa tawi letu nilipobatizwa. Nilifika asubuhi kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, na mkewe akanipa maji ya kunawa kabla hajaniuliza habari za safari. Niseme jambo kuhusu mama huyu. Ni yeye aliyewakaribisha wamisionari wa kwanza pale nyumbani wakati mumewe hakutaka hata kuwaona, akawapa uji wiki tatu mfululizo mpaka mzee akalainika. Jina lake haliko katika mstari wa mtu yeyote, na bila uji wake mstari wangu ungeishia Marekani.

Tulikula muthokoi. Kisha nikamwambia mzee niliyoyasoma, moja baada ya jingine, kwa hasira ambayo sikuwa nimejua kwamba nimeibeba mpaka pale. Akanisikiliza huku akimenya muwa kwa kisu.

"Nilijua," akasema. "Nilijua kabla sijatawazwa."

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe. Yule Mzungu mzee aliyenitawaza." Alikuwa mkulima wa Idaho, mstaafu, aliyekuja misheni pamoja na mkewe. "Mwaka 1993 alinichukua tukakaa chini ya mgunga ule pale. Akaniambia yote. Akaniambia, ndugu, ilikuwapo miaka ambayo nisingeruhusiwa kukuwekea mikono. Na mimi nilikuwa mtu mzima miaka hiyo, na sikusema kitu. Kisha akaniuliza kama bado nataka aniwekee yeye, au nisubiri mwingine."

"Ukamjibuje?"

"Nilikaa kimya muda mrefu, kijana wangu. Nilifikiri juu ya watoto wangu. Halafu nikamwambia, weka." Akaacha kumenya. "Mikono yake ilitetemeka kichwani kwangu kuanzia mwanzo wa sala hadi amina. Nilidhani ni uzee."

Nyuma yake vilima vya Chyulu vilikuwa vya buluu. Mvua inayonyesha juu yake haifanyi mto, huzama katika mawe ya volkano, ikatokea mbali kule chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima bomba linaileta Mombasa. Maji hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafungia watu mifereji kila siku. Mzee alinifuata macho.

"Wewe ni fundi," akasema. "Bomba likiwa na kutu, unafanyaje?"

"Nalifungua kwanza, nione kutu iko wapi."

"Basi umeifungua karatasi yako."

Sikumjibu, naye hakuongeza neno. Alinikatia kipande cha muwa. Tulikaa pale mpaka jua likahama, na nilipoondoka nilimwambia kwamba sijui kama moyo wangu umetulia. Akasema haukulazimika kutulia siku ile.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa yule kijana kabla ya kwenda nyumbani. Alikuwa kibarua kwenye karakana ya milango ya chuma, uso umejaa masizi. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimwumiza mbele ya watu. Alichukua muda. Aliponisamehe, nilimwambia nitamsaidia kumtafuta aliyemtawaza, kama anataka. Tulimpata baada ya miezi miwili kupitia mmisionari mwingine aliyehudumu naye. Mstari wake ulipokuja, tuliusoma pamoja, na kabla ya jina la Heber J. Grant kulikuwa na Spencer W. Kimball. Yule yule wa 1978. Kijana alilisoma jina hilo mara tatu. Sikuhesabu mikono ni mingapi, wala sikumwuliza.

Watu wengine, nikiwaeleza haya, huniuliza kwa nini basi sikuitupa karatasi. Ni swali la haki. Ndugu zangu wawili niliobatizwa nao waliondoka kanisani kwa ajili ya historia hii, na nikikutana nao tunasalimiana vizuri, siwezi kuwalaumu. Mimi nilibaki kwa sababu nimeyaona yanayofanywa na ukuhani huu katika chumba kidogo chenye mgonjwa na chupa ndogo ya mafuta yaliyowekwa wakfu. Mafundisho na Maagano 121 inasema mamlaka hii haiwezi kushikiliwa kwa ubavu, ila kwa ushawishi, kwa subira, kwa upole, kwa upendo usio na unafiki. Na kwamba mtu akiitumia kuficha dhambi zake au kutosheleza kiburi chake, mbingu zinajitenga, na ukuhani wake unakoma. Nilipoisoma tena baada ya safari ile, sikuwaza juu ya Brigham Young. Niliwaza juu ya zile Jumapili mbili ambazo kijana yule hakuja. Kwa muda huo mimi nilikuwa na karatasi tu.

Fahari bado ninayo, ila imehama. Zamani ilikuwa kule mwisho wa ukurasa, kwa Petro na Yohana. Siku hizi iko huku juu, katika majina mawili au matatu ambayo ulimwengu hauyajui: mkulima wa Idaho aliyesema kosa lake mwenyewe chini ya mgunga, na Mkamba aliyenyamaza muda mrefu kisha akasema, weka.

Mwanangu wa kwanza alitimiza miaka 18 Januari 2025. Mei mwaka huo hekalu la Nairobi lingewekwa wakfu, naye alitaka awe ametawazwa kuwa mzee kabla ya hapo. Nilimpigia simu mzee wa Chyulu. Sikumwomba aje, miguu yake si ya kusafiri tena. Nilimpa habari tu. Jumamosi jioni akateremka kwenye basi akiwa na suti yake ya kahawia na mkewe amemshika mkono.

Jumapili tulisimama duara, wanaume watano, mkono wa kulia wa kila mmoja juu ya kichwa cha mwanangu, wa kushoto begani kwa jirani. Kijana wa karakana alikuwa mmojawapo. Mwanangu alikuwa amenyolewa asubuhi ile, kichwa chake kilikuwa na joto. Mimi ndiye niliyesema maneno. Mkono wa mzee uliangukia juu ya wangu, mwepesi, na ulikuwa ukitetemeka, kuanzia nilipoita jina kamili la mwanangu hadi nilipomaliza kwa jina la Yesu Kristo.

Usiku, wageni walipolala, nilimkuta mwanangu mezani ameitoa karatasi yangu na daftari lake. Alikuwa anaandika mstari wake kwa mkono, jina lake juu, langu chini yake, kisha la mzee aliyekuwa akikoroma chumba cha pili. Mikono kumi na mmoja. Alikwenda haraka mpaka katikati, kisha kalamu ikasimama.

"Baba," akasema, "huyu Brigham Young alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikavuta kiti.